Baba wa Bibi Harusi Hasukumwi

Kasdi alifika saa nne asubuhi, akakaa kwenye ukingo wa baraza bila kukaribishwa, kama kaka mkubwa anavyokaa nyumbani kwa mdogo wake. Tarkum alikuwa ananoa kotama, visu vya kugemea. Tangu alipoanguka kwenye mnazi, mwaka na miezi minane sasa, wagema wa kilima kizima walimletea kotama zao anoe, na asubuhi hiyo zilikuwa sita, zimepangwa juu ya gunia mbele yake. Miguu yake ilikuwa juu ya kibao cha kiti cha magurudumu, imevalishwa soksi, imetulia kama miguu ya mtu mwingine aliyeiacha pale akaenda zake.

"Tumezungumza, mimi na mke wangu," alisema Kasdi. "Tumeona siku ya harusi nishike nafasi yako."

"Nafasi gani?"

"Ya kuwaongoza maharusi. Kuozesha utaozesha mwenyewe, ile ni kazi ya mdomo. Lakini kitambaa nitavuta mimi. Na kupakata nitapakata mimi."

Kitambaa chenyewe ni chekundu, kina pindo jeupe. Mama wa bibi harusi anawafunika nacho maharusi mabegani, kwa nyuma, na baba anatangulia mbele na ncha zake mbili, anawavuta taratibu mpaka jukwaani. Wakifika baba anakaa, anawapakata wote wawili, binti paja hili na mkwe paja lile, na mama anauliza: yupi mzito? Baba anajibu: wako sawa. Tarkum alikuwa nalo jibu hilo mdomoni tangu siku binti yake Ratmi alipozaliwa.

Alimwagia maji kinoo. "Kitambaa huvutwa na baba mkubwa kama baba amekufa," alisema. "Au kama ametoroka nyumbani. Mimi nipo hapa, nanoa."

"Hakuna aliyesema umekufa."

"Basi."

"Basi nini? Turubai nimekodi mimi. Jukwaa litakaa barazani kwangu kwa sababu hapa kwako watu ishirini tu watakanyagana. Na baraza langu lina ngazi tatu. Utazipanda kwa mabawa?"

"Nitatafuta njia."

Kasdi aligeuka akatazama jikoni, ambako Sumirah, mke wa Tarkum, alikuwa akichochea moto chini ya sufuria kubwa la utomvu wa mnazi unaopikwa sukari. Mwanzi wake wa kupulizia ulikuwa umepasuka, ameufunga kwa mpira wa tairi, na pumzi nusu ilikuwa inatokea ubavuni. Kasdi alishusha sauti, lakini haikushuka vya kutosha.

"Na mkojo je?"

Kule jikoni mwanzi ulinyamaza.

"Siku ya Idi ulilowesha mkeka wangu, imamu amekaa pale anakula," Kasdi aliendelea. "Sikulaumu. Tuliufua tukaunyamazia. Lakini watu wa mkweo Bagas wanakuja mabasi mawili. Ratmi anafanya kazi na dada zake Bagas kiwandani, wanabandika kope bandia meza moja. Unataka akirudi Jumatatu wamtazameje?"

Tarkum aliweka kotama chini. Alishika mikono ya kiti, akajinyanyua mpaka makalio yakaacha mto, akakaa hewani hivyo huku anahesabu moyoni hadi thelathini. Alifanya hivyo kila baada ya robo saa, mvua au jua, ili nyama zisioze kwa kukaliwa. Kasdi alikuwa hajazoea bado. Alitazama pembeni, kama anavyotazama mtu aliyemkuta mwenzake bafuni.

"Siku ya Idi nilikuwa bado mpya," Tarkum alisema aliporudi chini. "Sasa najipitishia mpira wa kutolea mkojo mwenyewe, kila baada ya saa nne. Tangu wakati ule sijalowesha kitu."

"Wageni hawaji kwa saa zako."

"Zimebaki siku kumi, kaka. Rudi ukanywe chai."

Kasdi aliinuka, akajifuta suruali. Alipomfikia Sumirah mlangoni mwa jikoni alimwambia, "Shemeji, zungumza naye wewe. Sisi tukisema anaona tunamdharau."

"Nina utomvu motoni, shemeji," alisema Sumirah.

Sulasih alikuja keshoye kwa pikipiki ya magurudumu matatu, kiti chake kimefungwa nyuma kama mbuzi wa mnadani. Mgongo wake ulivunjika kwenye tetemeko la Bantul, alipoangukiwa na ukuta wa chumba cha kulala, na tangu hapo alizunguka vijijini akiwafundisha waliovunjika baada yake. Hakuwa mtu wa kusema pole. Mara ya kwanza alipomwona Tarkum amelala kitandani na ndevu za miezi mitatu, alimwuliza kama mikono nayo ilivunjika.

"Kioo umetumia leo?" aliuliza hata kabla hajateremka.

"Asubuhi. Hakuna wekundu makalioni."

"Kinyesi?"

"Kimetoka kwa wakati wake. Jamani, dada, jirani wanasikia."

"Kwani wao hawaendi?"

Tarkum alimweleza habari ya kitambaa, ngazi na kupakata. Sulasih alisikiliza huku akila kipande cha sukari guru ambacho Sumirah alimletea kwenye kisahani.

"Kupakata usahau," alisema. "Mifupa ya miguu isiyosimama inakuwa kama biskuti. Watu wazima wawili wakikukalia, paja linaweza kukatika, na hutasikia. Utajua kesho yake, ukiliona limevimba kama tikiti."

"Kwa hiyo kaka yangu ana haki."

"Kaka yako ana haki ya kupakata wanawe. Nani kakwambia kujitegemea ni kufanya kila kitu? Mimi sifui mablanketi. Anafua mtu. Lakini nani afue, na afue lini, nasema mimi. Wewe unataka nini hasa?"

Tarkum alifikiri. Hakupenda maswali ya namna hiyo. Alikuwa mtu wa kupanda na kushuka, minazi ishirini na miwili asubuhi na ishirini na miwili jioni, na mnazi hauulizi unataka nini.

"Nataka kumfikisha mwanangu," alisema. "Nisisukumwe. Nisibebwe."

"Hilo linawezekana. Mbao unazo?"

Mbao zilikuwepo. Nyuma ya jikoni zilikuwa zimelala mbao za mnazi, nne, za mita tatu na ushei. Wiki ile Tarkum alipokuwa hospitali, Kasdi aliuangusha ule mnazi kwa hasira na kuupasua, na tangu hapo hakuna aliyezigusa. Hata kuku hawakupanda juu yake, alisema Sumirah, ingawa kuku walipanda.

"Zile za mti uliokuangusha?" Sulasih aliuliza.

"Mti haukuniangusha. Mvua ilinyesha, nikateleza. Ubao ni ubao."

"Mbili zilale upande huu, mbili upande ule, gurudumu lipite juu ya kila jozi. Zipigiliwe vipande vya kukwaza, kiti kisiteleze. Halafu kuna jambo hukulifikiria. Mikono yote miwili itakuwa kwenye magurudumu. Kitambaa utashika kwa meno?"

Tarkum alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Aliingia ndani, akatoka na mshipi wa ugema kwenye mapaja, ule wa ngozi pana, uliokuwa ukibeba kotama na vibuyu vya mianzi. Alitaka kuufunga kiunoni, mahali pake pa zamani. Sulasih akatikisa kichwa.

"Kiunoni husikii. Utakuvuta, utakuchuna, nawe unatabasamu. Funga juu, kifuani, mahali unaposikia. Ukivutwa, ujue umevutwa."

Siku nne kabla ya harusi vijana na wanaume wa jirani walikuja kusimamisha turubai kwa Kasdi. Mbao za Tarkum zilikuwa zimeshawekwa juu ya ngazi. Alikuwa amezipigilia mwenyewe uani kwake, na Sumirah na Ratmi wakazivuta mpaka pale. Alingoja mpaka watu waende kunywa kahawa, halafu akavuka uwanja wa changarawe peke yake, akasimama mbele ya mteremko, akatemea viganja.

Alisukuma mara moja. Magurudumu ya mbele yakapanda. Akainama mbele, kifua karibu na magoti, kama Sulasih alivyomfundisha, akasukuma mara ya pili, na ya tatu. Jasho likamtoka. Alikuwa amefika nusu, na alikuwa anapumzika tu, mikono imekaza, wakati Wasirun alipomwona.

Wasirun alikuwa jirani wa nyumba ya chini, mgema pia, mtu wa kucheka. Aliacha kikombe chake hewani. "Jamani, Kaka Tarkum," alisema, na wanaume watatu wakakimbia pamoja naye. Mmoja alishika kishikio cha kulia nyuma ya kiti, mwingine cha kushoto, wawili wakashika mbele chini ya miguu. Moja, mbili, tatu, wakamnyanyua juu, juu ya vichwa vya wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu, wakamtua barazani kama kabati. Jeneza hubebwa vivyo hivyo, na jeneza haliulizwi. Yeye pia hakuulizwa.

Watu walipiga makofi. Wasirun alijifuta jasho, uso umejaa furaha. "Siku ya harusi usiwe na wasiwasi, kaka. Sisi wanne tupo. Wewe kaa tu."

"Asante," alisema Tarkum. Angesema nini kingine? Mwaka ambao maporomoko ya udongo yalibomoa nyumba ya Wasirun, Tarkum mwenyewe alibeba nguzo zake bila kuitwa, na hakumwuliza Wasirun azibebe namna gani. Pale kilimani mtu haombi msaada wala hakatai msaada. Anayeaibika ni yule anayekaa akimtazama mwenzake anahangaika. Wale wanaume wangekufa kwa aibu kama wangemaliza kahawa yao.

Kasdi alikuwa amesimama karibu na nguzo. Alimtazama tu mdogo wake kwa macho ya upole, na upole huo ulichoma kuliko neno.

Ilipofika wakati wa kushuka, walimbeba tena.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Sumirah alikwenda kuokota kuni, Ratmi alikuwa zamu kiwandani. Tarkum alikaa barazani na hasira isiyo na mwenyewe. Hakuweza kumkasirikia Wasirun. Hakuweza kumkasirikia yeyote kati ya wale wanne. Aligeuza kichwa nyuma kadiri shingo ilivyomruhusu, akaviona: vishikio viwili vya chuma, vina mpira mweusi, vimetokeza nyuma ya mabega yake. Tangu siku alipopewa kile kiti vilikuwa pale vinaita mikono ya watu. Mtu akipita sokoni, anashika. Mtu akitaka nafasi ya kupita, anashika, anamsogeza kama gunia. Hata watoto walishika. Na mtu akishika kiti chako ameshika mwili wako, ila hajui.

Alijihamisha kutoka kwenye kiti mpaka kwenye benchi, makalio kwanza, miguu akaivuta baadaye kwa mikono. Akakilaza kiti kifudifudi. Msumeno wa chuma aliutumia kukatia mipini ya kotama iliyopinda. Alikata taratibu, chini kabisa, karibu na mgongo wa kiti. Cha kulia kilianguka. Akajinyanyua, akahesabu thelathini, akakaa, akaanza cha kushoto.

Sumirah alimkuta anasugua ncha kwa tupa zisije zikachana nguo. Alitua mzigo wa kuni.

"Baba Ratmi. Umefanya nini?"

"Nimekata."

"Umeharibu kiti. Kiti chenyewe cha kupewa."

"Hakijaharibika. Kinakwenda."

Sumirah aliviokota vile vyuma viwili, akavishika mkononi, kila kimoja kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, kitupu ndani. Akakaa juu ya kuni.

"Mimi nilishika hivi mwaka mzima," alisema. "Zahanati, kwenda na kurudi, mlima ule. Mpira umelika hapa, unaona? Ni vidole vyangu. Hukuniuliza."

Hilo Tarkum alikuwa hajalifikiria.

"Na siku ukiugua? Homa ikikushika, mikono ikilegea? Nitakushika wapi?"

"Utanivuta kwa mbele."

"Kama mbuzi."

"Kama mbuzi. Mbuzi anamwona anayemvuta."

Sumirah alikuwa mwanamke mwembamba, ana makovu ya utomvu wa moto mikono yote miwili, na hakuwa mwepesi wa kulia wala wa kucheka. "Mimi sikuwahi kukushika bila kukuambia," alisema.

"Najua. Sikuvikata kwa ajili yako."

"Lakini umevikata, na vilikuwa vyangu pia."

Aliingia jikoni navyo. Siku mbili alimpikia, akampa chai, akazungumza naye mambo ya pilau na viti vya kukodi, lakini hakumwita Baba Ratmi. Siku ya tatu asubuhi alimletea koti jeusi la harusi, limepigwa pasi, na mshipi wa ugema umepakwa mafuta ya nazi mpaka unang'aa.

"Huu ulikuwa umekauka," alisema. "Ungekukatikia njiani."

Nikahi ilifungwa jioni ya kuamkia harusi. Tarkum alitamka maneno yote bila kukosea, amemshika Bagas mkono, na Kasdi mwenyewe alisema amina kwa sauti. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kesho yake, mbele ya watu.

Watu wa Bagas walitakiwa kufika saa nne. Saa tatu na nusu Tarkum alijifungia chumbani, akanawa mikono, akapitisha mpira, akamwaga, akafuta, akavaa. Kilemba kilikaa vizuri. Saa nne alikuwa chini ya turubai. Saa tano ikapita. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na habari zikaja kwa simu: basi la kwanza limenasa kwenye tope la kona ya chini, la pili haliwezi kulipita. Saa sita. Saa saba. Tarkum hakugusa chai wala maji. Wanawake walipepea nzi kwenye vyakula.

Saa saba na nusu miguu yake ilianza kurukaruka juu ya kibao, yenyewe kwa yenyewe. Hiyo ndiyo lugha pekee iliyobaki kati yake na kibofu. Aliibana kwa mikono.

"Wamefika," mtu alipaza sauti, na kweli, ngoma za wageni zilisikika kwenye barabara.

Tarkum aligeuza kiti. Kasdi alimzuia kwa mbele.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Dakika kumi."

"Wako langoni, Tarkum."

"Basi wasubiri langoni."

"Mabasi mawili ya watu wasimame juani, baba wa bibi harusi amekwenda..." Kasdi hakulimaliza.

"Amekwenda kukojoa," alisema Tarkum, na hakushusha sauti. Mama mmoja mwenye sahani ya keki aligeuka haraka akatazama keki zake. "Wewe hukojoi? Umekwenda mara tatu tangu asubuhi, nimekuhesabu. Nipishe, kaka."

Changarawe ilikuwa imelowa na magurudumu yalizama. Alisukuma. Nyumbani alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, ingawa alisikia kipaza sauti kikiwaomba wageni radhi na kuwasomea mashairi. Haraka huleta uchafu, na uchafu huleta homa. Sulasih alimwambia hilo mpaka akachoka kulisikia. Alipitisha mpira. Alingoja mpaka tone la mwisho. Alijitazama: pakavu. Alifunga mshipi kifuani juu ya koti, mahali anaposikia, akatoka.

Zilikuwa zimepita dakika kumi na saba. Wageni walikuwa wameshaingia. Ratmi na Bagas walikuwa wamesimama pamoja mwanzo wa njia, kitambaa chekundu mabegani, Sumirah nyuma yao. Na mbele yao, ncha mbili mkononi, alikuwa Kasdi.

Alikuwa anavuta. Aliyoyaona Tarkum alipokuwa anakaribia hayakueleweka mara moja: Kasdi amepiga hatua moja, kitambaa kimekaza, na maharusi hawajasogea.

"Twende, mwanangu," Kasdi alikuwa akisema kwa meno yaliyofungwa, anatabasamu kwa wageni.

"Nenda tu, baba mkubwa," alisema Ratmi. "Mimi namngoja baba."

"Bagas, mwambie mkeo."

Bagas alikuwa kijana mrefu, mpole, jasho linamtiririka chini ya kofia yake ya harusi. "Ndiyo kwanza tumeoana, baba mkubwa," alisema. "Namfuata yeye."

Kwa upande wa wageni mtu alicheka. Tarkum alifika, akasimamisha kiti mbele ya kaka yake, akanyoosha mkono.

"Kitambaa."

Kasdi alimtazama machoni, halafu, hakujizuia, akatazama suruali yake. Ilikuwa kavu. Akampa ncha.

Tarkum alizipitisha chini ya mshipi, akafunga fundo la wagema, lile linalobeba kibuyu kilichojaa na halifunguki mpaka ulitake. Akaanza kusukuma. Kitambaa kilikaza, na alikisikia: kifuani, kulia na kushoto, watu wawili. Upande wa kushoto ulikuwa na hatua fupi, za mtu aliyevaa nguo ya kubana. Upande wa kulia ulisitasita.

Alipofika kwenye mteremko aliona jambo jingine. Mke wa Kasdi alikuwa ametandika zulia jekundu juu ya mbao ili zisionekane. Gurudumu la mbele lilipanda, zulia likajikunja, kiti kikakwama. Tarkum hakumwita mtu. Aliinama, akashika ukingo wa zulia, akalivuta lote kwa mkono mmoja mpaka likalala kwenye changarawe kama ngozi ya ng'ombe. Mbao zikaonekana, na vipande vya kukwaza, na misumari. Akatemea viganja, koti jeusi na kilemba hivyo hivyo, akasukuma.

Moja. Mbili. Tatu. Nusu ya mteremko mbao zilikuwa na unyevu wa asubuhi. Gurudumu la kulia liliteleza, na kiti kikarudi nyuma kiasi cha shubiri moja.

Uwanja mzima ulivuta pumzi. Wasirun alikuwa wa kwanza, kama kawaida yake, na wenzake watatu nyuma, na Kasdi pamoja nao; miguu yao ilikimbia kabla hawajafikiri, ndivyo walivyolelewa. Mikono ikanyooka kwenye mgongo wa kiti, ikashika, na haikushika kitu. Wasirun alibaki mkono hewani, kama mtu aliyekwenda kuazima chumvi akakuta jirani amehama.

"Wasirun," alisema Tarkum bila kugeuka, meno yamefungwa, mikono imekaza kwenye vyuma. "Kahawa yako inapoa."

Alisikia kitambaa kinalegea kifuani. Ratmi alikuwa amesogea karibu ili asimlemee.

"Usinisogelee, mwanangu. Rudi nyuma. Kazeni."

Kikakaza tena. Akainama mbele, akasukuma, na kotama zote alizonoa mwaka ule zilikuwa ndani ya mikono hiyo, na minazi ishirini na miwili mara mbili kwa siku kwa miaka ishirini na mitano. Magurudumu ya mbele yakagusa baraza. Akasukuma mara moja zaidi, na ya nyuma yakafika. Nyuma yake hapakuwa na makofi. Watu walikuwa kimya, maana hakuna aliyejua hapo panafanywa nini. Desturi ya kumtazama mtu akihangaika mpaka afike hawakuwa nayo.

Aligeuza kiti, akafungua fundo. Mshereheshaji, ambaye alishaambiwa kwamba kupakata hakutakuwepo, alianza kutangaza chakula. Sumirah akamkatiza.

"Bado," alisema. Akasimama mbele ya mume wake, mikono imekunjwa tumboni kama desturi inavyotaka. "Baba Ratmi. Kati ya hawa wawili, yupi mzito?"

Watu walingoja jibu wanalolijua. Tarkum alikuwa bado anahema. Alimtazama binti yake, akamtazama mkwe wake.

"Bagas mzito," alisema. "Anavuta nyuma. Ratmi ana nguvu. Lakini nimewafikisha wote."

Safari hii walicheka, mabasi yote mawili, na Bagas akacheka kuliko wote, akambusu baba mkwe wake mkono.

Kasdi alipanda ngazi kwa pembeni, amelibeba zulia begani, hajui aliweke wapi. Alikizunguka kiti, akachungulia mgongo wake. "Vishikio viko wapi?" aliuliza chini chini.

"Muulize shemeji yako."

"Kimoja kiko jikoni," alisema Sumirah. "Kinapuliza moto vizuri, hakipasuki kama mwanzi. Kingine nimekuwekea wewe, shemeji. Siku ukizeeka."

Kasdi akaliweka zulia chini, akavuta kiti cha plastiki, akakaa karibu na mdogo wake, mabega yao sawa.

Mpiga picha aliwapanga: maharusi katikati, wazazi wa Bagas kulia, Sumirah na Tarkum kushoto, Kasdi ukingoni. Alihesabu moja, akahesabu mbili, akasimama.

"Samahani, baba wa bibi harusi. Kaa chini kidogo."

Robo saa ilikuwa imetimia. Tarkum alikuwa amekaza mikono kwenye kiti, amenyanyuka hewani, kilemba chake kimepita cha kaka yake, na moyoni alikuwa amefika kumi na mbili.

"Piga hivi hivi," alisema.